Kidomo cha Pembe

Wewe uliyeshika daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama jicho limekwisha kuingia, basi neno hata moja lisitoke kinywani mwako. Usimwambie mchungaji wala mtu wa chama, na mama yangu aliye Kahororo asijue. Zaidi ya wote asijue Kemilembe, anayepiga chapa ofisini kwetu, kwa sababu atacheka, na kicheko chake kinavuka barabara. Mimi ni karani wa serikali. Karani akianza kusemwa, amekwisha.

Jumapili, 26 Aprili 1970

Mvua tangu alfajiri. Ilipiga bati la kanisa hata mahubiri yakasikika nusu nusu. Tulipiga nyimbo tatu, na baada ya ule wa tatu mdomo wangu wa juu ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Si mara ya kwanza. Huanza kuwasha, yakafuata malengelenge, kisha maji, kisha gamba. Damian, anayepiga besi, aliniuliza kama nimebusu jiko. Bendi nzima ilicheka. Nami nikacheka, ingawa kucheka kuliupasua mdomo.

Tarumbeta ni ya marehemu baba, aliyerudi nayo kutoka jeshini akaipiga katika usharika wetu mpaka alipofariki. Yenyewe haina neno. Adui yangu ni kidomo. Ndivyo tunavyokiita bendini kile kikombe kidogo cha chuma cheupe kinachochomekwa kwenye bomba, ambacho mpigaji hukibana kwenye midomo ndipo apulize.

Leo Mwalimu Elieza, kiongozi wetu, ametangaza kwamba siku ya Saba Saba tutapiga uwanjani Bukoba mbele ya wageni wa mkoa. Sauti ya kwanza ni yangu, kama ilivyokuwa ya baba. Niliitika, "Ndiyo, Mwalimu," kwa mdomo unaotoa maji.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mimi ni mwoga. Namwogopa mkuu wangu wa kazi, Bwana Rutashobya. Naogopa muhuri, naogopa simu ikilia. Nikipuliza tarumbeta siogopi. Ni hapo tu. Nikinyang'anywa hapo, sijui nitabaki na nini.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua. Kazi. Siwezi kula pilipili.

Jumatatu, 4 Mei

Nimekwenda hospitali. Daktari alinigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua fenesi, akasema ngozi yangu haipatani na madini fulani. Nikamuuliza dawa. Akasema dawa ni kutoyagusa. Nikamwambia napiga tarumbeta. Akasema basi nipige ngoma, akaita mgonjwa mwingine.

Nimetoka nikitembea kwenye mvua bila kufungua mwavuli. Ngoma! Kwa nini yeye asiache kupima watu akapime viazi?

Ijumaa, 8 Mei

Leo Kemilembe amenitia aibu, na huenda ameniokoa.

Nilikuwa nafunga karatasi kwa pini, na kama kawaida nilikuwa nimebana pini nyingine midomoni ili mikono ibaki huru. Makarani wote wa ofisi yetu hufanya hivyo. Mashine yake ya chapa ikanyamaza.

"Buberwa," akasema, "toa hayo makorokoro mdomoni. Mdomo unaoza halafu unaulisha chuma?"

Nilizitoa zote kwenye kiganja. Akainuka, akasogeza nywele pembeni, akanionyesha sikio. Kwenye tundu la hereni alikuwa amechomeka kijiti cha ufagio kilichokatwa vizuri na kuchomwa ncha. Sikio la pili vilevile. Siku zote nilidhani ni hereni za mtindo. Akasema tangu shuleni masikio yake yalikataa hereni. Yalitoa usaha, na mama yake akadhani amelogwa. Akaniuliza kuhusu mkono wangu wa kushoto. Nikafunua: chini ya saa, ngozi nyekundu. Akaniuliza kuhusu mkanda. Sikufunua, lakini nilijua. Chini ya kitovu, pale kifungo cha mkanda kinapogusa, pana kovu lililoanza nikiwa darasa la nane.

Hakucheka hata kidogo. Alirudi kwenye mashine akapiga chapa kana kwamba tulizungumza habari za bei ya ndizi.

Nimeivua saa. Mkanda nimeufunga kwa kamba ya katani.

Jumapili, 17 Mei, Pentekoste

Tumepiga. Nilibandika plasta kuzunguka ukingo wa kidomo. Katikati ya wimbo wa pili plasta ikalowa mate, ikajikunja, ikaingia ndani, na tarumbeta ya baba yangu ikalia kama bata anayekanyagwa. Wakati Roho Mtakatifu anashuka! Mwalimu Elieza hakugeuka, lakini shingo yake ilibadilika rangi.

Baada ya ibada nilimweleza yote, hata habari ya mkanda. Alinisikiliza kwa upole. Akasema kila mtu ana mwiba wake mwilini, nami nivumilie. Namheshimu sana, alinifundisha noti kabla sijajua kuzidisha. Lakini mwiba wangu unaweza kuchomolewa. Kwa nini niubembeleze?

Jumamosi, 23 Mei

Nimejaribu mti wa mkahawa. Nilichonga, nikatoboa kwa waya wa moto, nikasugua kwa mchanga. Ukanywa mate, ukapasuka. Kabla ya hapo nilijaribu mpira wa baiskeli, ukatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Mama anauliza kwa nini jikoni pananuka kiwanda.

Mvua zinapungua. Kahawa imeanza kuiva upande wa jua.

Jumapili, 31 Mei

Naandika Ijumbi, kwa baba mdogo Ndyamukama, mdogo wake marehemu. Nilikuja na basi la jana mpaka Muleba, kisha kwa miguu kati ya vibanja, mashamba yetu ya migomba.

Tata, kama tunavyomwita baba huku kwetu, hapatani na kanisa, na kanisa halipatani naye. Ujanani alikuwa katika kundi la makondere, zile pembe zilizopulizwa uani kwa Omukama, mfalme wetu wa zamani, watu wote wakapiga magoti. Serikali ilipoondoa utawala wa wakama, pembe zikanyamaza, naye hajaacha kulalamika. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"Baba yako aliidharau pembe akafuata chuma cha Wazungu," akasema. "Sasa chuma kinamtafuna mwanawe. Keti, mwanangu, keti. Nimeisubiri siku hii."

Ana majivuno yasiyopimika. Aliapa kwamba yeye anaweza kupuliza hata shingo ya mtungi. Kidomo cha kwanza alichochonga, kutoka ncha ya pembe ya ng'ombe, kilikuwa kipana kama kikombe cha uji na hakikuingia kwenye tarumbeta. Akasema tarumbeta ndiyo yenye kosa. Cha pili tulichonga wote wawili; nikakipima kwa kile cha chuma, nikapunguza shingo kwa tupa mpaka kikakaa. Cheusi, chenye mishipa ya rangi ya asali. Nilikiweka midomoni. Hakikuwa baridi. Hicho ndicho kilichonishangaza kwanza: kinashika joto la mtu.

Nilitaka kupuliza papo hapo. Tata akanizuia. Pembe mpya haipulizwi na kiu, akasema. Lazima inyweshwe, la sivyo itapasuka na itamlaani mpulizaji. Akakitumbukiza katika kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Nikamwambia, "Tata, mimi ni mtu wa kanisa, sinywi pombe." Akajibu kwamba hakuna aliyenikaribisha, anayenyweshwa ni pembe. Kimelala humo usiku kucha.

Leo asubuhi nimepuliza. Sauti si ile kali ya shaba. Ni nene, inatoka kama mtu anayesema neno baada ya kulifikiria. Nilipiga wimbo mzima, kisha nikagusa mdomo. Mkavu. Sikuwashwa popote. Nilipiga tena, na tena, mpaka jirani akapiga kelele kwamba kuku wake hawatagi.

Jumamosi, 6 Juni

Nilikiosha kwa sabuni. Nataka hili liandikwe. Nilikiosha kwa sabuni ya kufulia, nikakianika juani, nikakiosha tena.

Lakini pembe haisahau. Leo kwenye mazoezi, kanisani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya manyunyu ya mwisho, nilipuliza robo saa na pumzi yangu ikakipasha moto. Harufu ikatoka. Kwanza Damian alinusa, akatazama huku na huku akitabasamu. Kisha safu nzima. Hewa ya kanisa ikawa ya sherehe ya kutoa mahari.

Mwalimu Elieza ni mtu aliyeokoka, aliacha pombe kabla sijazaliwa. Alishusha mkono wake polepole.

"Buberwa. Umekunywa."

"Sijanywa, Mwalimu. Kidomo ndicho kilichokunywa."

Niliusema ukweli mtupu, na hakuna ukweli uliowahi kuchekwa hivyo. Damian aliweka besi chini, hakuweza kuishika. Mwalimu hakucheka. Alikichukua kidomo, akakigeuza, akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni pembe. Akauliza kimetoka kwa nani. Nikataja jina. Alikirudisha kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya.

Jumatano, 10 Juni

Wazee wa kanisa wameniita. Wamesema: nimepuliza ulevi na upagani nyumbani mwa Bwana. Jumapili ya tarehe ishirini na moja nisimame mbele ya usharika nitubu dhambi ya ulevi, niiache pembe, nirudi kwenye kidomo cha chuma. Nikifanya hivyo, Saba Saba nitapiga sauti ya kwanza. Nisipofanya, nimetoka katika bendi.

Nilisema, "Nimesikia." Ndilo neno langu kila ninapotetemeka.

Ijumaa, 12 Juni

Mama anasema nitubu tu. Ni maneno mawili, watu watasahau kabla ya kahawa kukauka. Huenda ana haki.

Jumapili, 14 Juni

Sikuruhusiwa kukaa na bendi. Niliketi nyuma na akina mama wenye watoto wachanga. Damian alipewa sehemu yangu kwa tarumbeta ya kanisa. Alikosea palepale ambapo baba alinifundisha kupumua.

Alhamisi, 18 Juni

Asubuhi nimechukua kile kidomo cha chuma nikakibana midomoni, bila kupuliza, kujaribu kama naweza kuvumilia siku moja tu ya Saba Saba. Kufikia saa nne mdomo ukavimba. Kemilembe aliuona leo ofisini. Aliuliza nani amenilazimisha. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi wewe ndiye mjinga wa mwisho aliyebaki Bukoba," akaondoka. Baada ya dakika chache akarudi na chupa ya mafuta ya nazi, akaiweka mezani.

Nilimwandika vibaya mwanzoni mwa daftari hili. Sitafuta, ila ijulikane.

Jumapili, 21 Juni



Usiku nilikuwa nimetunga toba. Nilikuwa nayo kichwani yote, fupi, yenye adabu. Nilivaa koti la baba. Mchungaji alipotaja jina langu nilisimama, nikapita katikati ya mabenchi. Mama alikuwa upande wa kulia akiniitikia kwa kichwa. Bendi ilikuwa kushoto. Mwalimu Elieza alikuwa ameinamisha macho, na nikaona kwamba hanichukii. Ananisubiri. Ananipenda kama mtu anayemsubiri mgonjwa ameze dawa. Hapo ndipo nilipotaka zaidi kusema uongo, kwa ajili yake.

Nikafungua kinywa, mdomo ukapasuka pale palipovimba tangu Alhamisi. Nikaonja damu.

Nikasema: "Nimeitwa nitubu ulevi. Sijalewa. Siwezi kumwambia Mungu uongo mbele yenu, maana yeye alikuwapo Ijumbi na anajua nani alikunywa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. Nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeanza tena. Nikasema madini yananila midomo, pembe hainili, na sioni kwamba shaba imebatizwa na pembe haijabatizwa. Zote zimetoka kwenye vitu alivyoumba. Nikasema kama kosa langu ni harufu, basi natubu harufu. Ulevi, hapana. Kidomo changu sikiachi.

Sijui nani alisema maneno hayo. Sauti ilikuwa yangu.

Nilitoka kwa mlango wa mbele. Mama hakunifuata. Nje jua lilikuwa kali, kyanda, kiangazi chetu, kimeingia kweli. Vumbi la kwanza la mwaka lilikuwa barabarani. Nilikwenda mpaka ziwani nikakaa juu ya jiwe, nikatapika, kisha nikala ndizi mbili za kuchoma. Zilikuwa tamu.

Jumatano, 24 Juni

Habari imefika ofisini. Bwana Rutashobya aliniita akaacha nisimame.

"Ndugu Buberwa, serikali iliondoa wakama. Wewe, mtumishi wake, unataka kupuliza pembe za Omukama siku ya chama?"

Nikamjibu kwamba ni kidomo tu, hakina ukubwa wa kidole gumba. Akasema mambo yote huanza hivyo. Akaniamuru nikilete mezani kwake.

Nilijiona nikisema, "Nimesikia." Nilikuwa tayari. Lakini lililotoka ni: "Hapana, Ndugu. Ni sehemu ya mdomo wangu."

Aliniangalia kama mtu ambaye meza imemjibu.

Jumamosi, 27 Juni

Nimehamishiwa Muleba, niripoti tarehe mosi. Kemilembe ndiye aliyeichapa barua. Alinipa huku akitazama dirishani.

"Nimeikosea makusudi mara mbili," akasema, "ili ukae hapa siku moja zaidi."

Niliikunja barua, nikaisahau juu ya meza yake, ikabidi nirudi kuichukua. Hapo ndipo alipocheka. Ng'ambo ya barabara mwenye duka aligeuka.

Jumapili, 28 Juni

Mama amenifungia nguo. Chini ya sanduku ameweka kitambaa cha kusugulia tarumbeta, kile cha baba.

Ijumaa, 3 Julai

Muleba. Ofisi ina chumba kimoja na mbuzi wanaingia. Nalala Ijumbi kwa Tata. Kila ua umetandikwa mikeka ya kahawa, na asubuhi watu wote wanaigeuza kwa miguu. Tata anamwambia kila apitaye kwamba nimefukuzwa mjini kwa ajili ya pembe yake. Ananenepa kwa fahari.

Anatory, mwenyekiti wa chama hapa Ijumbi, amekuja. Ni mkulima, Mkatoliki, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Saba Saba yao haijawahi kuwa na bendi. Akauliza kama nitapiga wimbo wa taifa. Nilimweleza yote ili asije akasema hakujua. Akafikiri huku akitafuna kahawa, akanipa nami punje moja. Akasema, "Pembe ya ng'ombe wa hapa, pumzi ya mtu wa hapa. Huko si ndiko kujitegemea?"

Jumanne, 7 Julai, Saba Saba

Uwanja wa shule, Ijumbi. Watu wengi, bendera moja, mgeni mmoja kutoka Muleba mwenye suti ya kijivu. Huko Bukoba wakati huohuo bendi yetu ilikuwa inapanga mstari bila mimi. Niliwaza hilo mara moja, nikaliacha.

Nikaanza wimbo wa taifa. Ile sauti nene ilitoka, ikaenda juu ya migomba, na watu wote wakasimama wima. Kisha nikaona jambo nililoliogopa bila kujua kwamba naliogopa. Mstari wa mbele, ajuza mmoja alishuka, akapiga magoti. Akafuata mwenziwe. Wakafuata wazee wa kiume, mmoja mmoja, wakishikilia fimbo zao, mpaka safu yote ya waliowahi kuisikia pembe ilikuwa chini kwenye nyasi, vichwa vimeinama, kama uani kwa Omukama. Tata alikuwa miongoni mwao, analia waziwazi. Mgeni wa suti ya kijivu alitoa kalamu.

Noti ikatikisika. Nilijua kitakachoandikwa, na jina la nani litatiwa hapo.

Anatory, aliyesimama kando yangu, hakugeuza kichwa. "Endelea," akasema. "Ukiacha katikati ndipo litakuwa kosa."

Nikaendelea. Nilipiga mpaka mwisho, na mwisho nikauvuta mrefu kuliko inavyotakiwa, kwa makusudi, nikimtazama mwenye kalamu. Siogopi ninapopuliza. Nilikwisha kuandika hivyo Aprili, lakini Aprili hakuna aliyekuwa ameujaribu ukweli wake.

Mgeni alipouliza kwa ukali maana ya magoti yale, Anatory alimjibu kwa upole uleule: "Ninyi wa mjini mnaliheshimu taifa kwa miguu, Ndugu. Wazee wetu wanaliheshimu kwa magoti. Tuwakataze?"

Aliirudisha kalamu mfukoni. Lakini alikwisha kuandika.

Jumamosi, 11 Julai

Nimeitwa Bukoba, Jumatatu, mbele ya Bwana Rutashobya, na nimeagizwa nije na kidomo. Nitakwenda, maana mimi ni karani na nikiitwa huenda. Kidomo kitabaki Ijumbi, kwenye kibuyu cha Tata, kikinywa. Wakinifukuza kazi, kahawa ya Tata inahitaji mikono, na Anatory amekwisha kuniletea vijana wanne wanaotaka kujifunza kupuliza.

Kemilembe, nimebadili nia. Daftari hili nakupa wewe; mchukuzi ni Anatory mwenyewe, hasomi ya watu. Yale niliyoyaomba mwanzoni yabaki kwa wengine wote.

Ukinitaka, usiandike kupitia ofisini, barua hufunguliwa. Panda basi la Muleba, uliza njia ya Ijumbi, ufuate vibanja. Usiwaulize watu habari za karani mwenye midomo mibaya, hawatamjua, midomo imepona. Uje jioni, kahawa inapokusanywa kutoka mikekani. Simama njiapanda usikilize, kisha ufuate sauti mpaka ikomee. Na vile vijiti vya ufagio uvitoe masikioni, uviache hukohuko. Pembe ile imebaki kipande. Nimekipima, kinatosha hereni mbili.